Jenereta ya redio huwa inakufa saa tatu usiku

Mama mmoja wa Busia, upande huu wetu wa Uganda, anauza mitumba pale karibu na stendi, kanitumia ujumbe wa sauti mrefu mpaka nikausikiliza mara mbili. Nafupisha. Anasema redio inawaka kibandani kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Wakati wa kampeni mgombea mmoja wa upinzani alikaribishwa kwenye kipindi cha mjadala cha usiku, akaongea kama dakika kumi na mbili hivi, alafu redio ikakata, kimya, zikaja nyimbo, baadae prezenta akarudi akasema poleni wasikilizaji jenereta imetusumbua. Mama akatoka nje akaangalia, taa zinawaka kila duka, umeme upo. Kesho yake jirani akamwambia kwani wewe hukujua, ile redio si ni ya mheshimiwa. Sasa anauliza: "Mwalimu, hawa wenye redio na magazeti na TV ndo wanatuchagulia viongozi? Na kama ni hivo, sisi tusikilize nani?" Na mwisho kabisa anauliza kama akipiga simu kwenye kipindi atakua anajitafutia balaa.

Mama, pole na asante. Hio jenereta naifahamu vizuri sana. Nimekaa studio miaka kumi na moja huku mashariki, nilianza na kusoma matangazo ya vifo asubuhi, nikaja kuwa prezenta, nikamaliza nikiwa prodyuza, na nakwambia jenereta za redio zetu zina akili kuliko watu, haziharibiki kwenye tangazo la soda, haziharibiki kwenye mahubiri ya jumapili, zinaharibika tu saa tatu usiku mtu wa upande ule akianza kutaja hela za wilaya zimekwenda wapi.

Ngoja nikueleze inavokua ndani, maana nadhani watu wengi wanawaza kuna mtu mkubwa Kampala amekaa mezani anatoa amri siku nzima. Hapana, mambo yenyewe ni madogo madogo sana. Usiku mmoja, redio siitaji wala mji sitaji, nilikua kwenye mixa na ndani tuna mgeni anagombea uenyekiti wa wilaya. Jamaa anaongea taratibu tu, hana matusi, anaongelea kisima cha bomba ambacho kilitakiwa kichimbwe shuleni kikaenda kuchimbwa kwenye boma la mtu. Simu yangu ikaita, meneja. Hakusema mtoe. Alisema hivi: "Hio kelele ni ya nini? Mzee anasikiliza." Akakata. Basi, ni hivo tu. Mzee ni mwenye redio. Nikashusha maiki, nikapandisha nyimbo tatu mfululizo, na mgeni amevaa hedifoni zake lakini nilishamkata mpaka huko, yeye anadhani ni waya umelegea, akaendelea kuongea na maiki iliyokufa, anaongea kwa hisia kabisa mkono juu, kama dakika mbili nzima, mpaka nikamgusa bega nikamwambia mheshimiwa pole, jenereta. Na jenereta yenyewe siku hio hata haikuwepo, tulikua tumeipeleka kwa fundi.

Mimi sikuamriwa kitu na mtu yeyote. Ndo maana hata ukienda mahakamani huna pa kushika, hakuna barua, hakuna sahihi, kuna meneja aliyeuliza swali na prodyuza aliyekua na watoto watatu wa kulipia ada.

Sasa turudi kwenye swali lako. Kabla ya 1993 hapa Uganda redio ilikua moja, Radio Uganda ya serikali, na historia yake unaijua, kila aliyepindua nchi alikimbilia pale kwanza, Januari 1971 jeshi lilituma mwanajeshi kwenda kusoma sababu 18 za kumtoa rais Obote. Mwisho wa 1993 ndo zikaanza Sanyu na Capital kule Kampala, watu wakashangaa kusikia vijana wanacheka hewani. Leo stesheni za FM zimepita 200 nchi nzima. Ukisikia namba kama hio unasema aa, basi sauti ni nyingi, demokrasia imekua. Lakini hebu uliza zile za mikoani ni za nani. Nyingi ni za wabunge, mawaziri, waliokua wabunge, wanaotaka kuwa wabunge, wafanyabiashara wanaokula na hao, na zinazobaki ni za makanisa na za falme. Sababu haijifichi, redio ya wilayani ukiendesha kibiashara tupu haikulipi, matangazo ya duka la simiti na ya sherehe za harusi hayatoshi hata mafuta, kwa hiyo anayeweka hela pale anazirudisha kwa njia ingine, na njia ingine ni kura. Mwanasiasa akikodi saa moja ya hewa kila wiki miaka mitano, afadhali anunue mlingoti wake.

Magazeti nayo yana hadithi yake. New Vision ilianzishwa na serikali 1986 mara tu baada ya NRM, chama kinachotawala, kuingia madarakani, na sa hizi kampuni yake, Vision Group, iko kwenye soko la hisa toka 2004 lakini serikali bado inashika asilimia 53 na kidogo, na humo ndani kuna Bukedde ya Kiluganda na TV na redio kibao za lugha zetu. 2021 mkurugenzi mkuu mpya aliyeletwa pale alikua ametoka kwenye kazi ya usemaji wa rais. Simtukani, pengine kazi anaijua, nakuonyesha tu mlango anaoingilia mtu. Monitor yenyewe ilianzishwa na waandishi wenyewe 1992, wakina Wafula Oguttu na Charles Onyango-Obbo, vijana waliotoka kwenye gazeti lingine wakachanga chapaa, na 2000 Nation Media Group ya Nairobi ikanunua sehemu kubwa. Nawaheshimu sana wale, tena wanaikera serikali mpaka leo, Oktoba 2025 waandishi wao walizuiwa kuingia Bunge kufanya kazi. Ila nao ni kampuni, wana wenye hisa wanaotaka faida, na mhariri wa kampuni huwa anahesabu kichwani kabla hajachapa.

Anahesabu nini? Matangazo! Hapa mama nataka unisikilize vizuri, kwa sababu watu wanaangalia mwenye mali wanasahau mwenye hela, na mara nyingi hao ni wawili. Mtoa matangazo mkubwa kuliko wote Uganda ni serikali yenyewe, tenda, nafasi za kazi, kampeni za chanjo, salamu za sikukuu za kila wizara na kila idara na picha ya rais pembeni. Monitor haijafikisha hata mwaka na kitu, serikali ikakataza ofisi zake kutangaza mle, 1993 hio, na katazo likakaa miaka. Hawakufungiwa, hakuna polisi, gazeti linaendelea kuuzwa mtaani, ni bomba la hela tu limefungwa. 2023 mwezi wa tatu rais akaandika tena kwamba matangazo yote ya serikali yapitie UBC, shirika la utangazaji la serikali, na ofisa atakayekaidi kazi hana. Fikiria uko Soroti au Kabale una redio ya kijijini na hela yako ya uhakika ilikua ni yale matangazo ya malaria. Utakua mkali kweli jioni kwenye mjadala?

Pale kwetu meneja alikua na daftari jekundu la matangazo, na asubuhi baada ya ule usiku wa kisima akaliweka mbele yangu, hakunifokea wala nini, akawa anapitisha kalamu mstari kwa mstari, hii ni ya wilaya, hii ni ya kampuni ya shemeji ya mzee, hii ni ya mradi wa wizara, hii ni ya mheshimiwa mwingine, alafu akaniuliza mshahara wako unatoka mstari gani? Nikaangalia. Mimi sikuona mstari wa msikilizaji mle, mama. Msikilizaji halipi, na asiyelipa si mteja, ndo kwanza yeye mwenyewe ni bidhaa, tunamuuza yeye na masikio yake kwa hao walioandikwa kwenye daftari.

Alafu iko leseni. Leseni inatoka UCC, tume ya mawasiliano, na tume inaweza kukuzima. Septemba 2009 Kabaka, mfalme wa Buganda, alizuiwa kwenda Kayunga, Kampala ikawaka moto, watu wakafa, na serikali ikazima redio nne, CBS ya Buganda ikiwemo, ikisema wanachochea. CBS ilikaa kimya mpaka Oktoba 2010, mwaka mzima na zaidi, wafanyakazi nyumbani. Na siku hizohizo ndo vilikufa vimeeza, zile ebimeeza, unazikumbuka? Neno lenyewe ni letu, meza, Waganda wamelichukua wakalivalisha kanzu. Watu wanakaa baa au uwanjani jumamosi, mwalimu, fundi, mlevi, mbunge, kila mtu anapewa maiki dakika zake na redio inarusha moja kwa moja. Kelele, uongo mwingi, ukweli mwingi pia, na wanasiasa waliviogopa kuliko gazeti lolote kwa sababu huwezi kumpigia simu meza. Vikapigwa marufuku na havijarudi kama vilivyokua. Mimi hua nasema kati ya vyote tulivyopoteza hicho ndo kilikua kikubwa, kuliko hata kufungwa kwa stesheni, kwa sababu stesheni inafunguliwa.

Mei 2013 tena, Jenerali Sejusa aliandika barua kuhusu mpango wa kumrithisha mtoto wa rais, Monitor ikachapa, polisi wakaingia wakazingira jengo siku kumi, na redio za KFM na Dembe zilizokua humohumo zikazimika, gazeti la Red Pepper pia. 2019 UCC ikaagiza stesheni 13 ziwasimamishe kazi waandishi na maprodyuza kwa jinsi walivyotangaza kukamatwa kwa Bobi Wine, mwanamuziki aliyekua mbunge wa upinzani. Machi 2025 kwenye uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini waandishi walipigwa wakiwa na kamera mkononi, Nation wakaondoa watu wao. Sikutajii haya ili nikujazie orodha, nakutajia ujue kwamba lile swali la meneja, "mzee anasikiliza", linasimama juu ya haya yote. Ukizima redio moja Kampala, prodyuza wa Busia anashusha maiki mwenyewe miaka kumi mbele, bila kuguswa.

Lakini ukweli usemwe wote, sio kwamba tumelala tu. Mahakama zetu zimefanya kazi. Februari 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la "habari za uongo" kwenye kesi ya waandishi Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, 2010 likafutwa kosa la uchochezi dhidi ya serikali, Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha mawasiliano ya kuudhi kwenye sheria ya kompyuta. Watu wa nje wakisoma hukumu zile wanadhani sisi ni Uswidi. Shida ni kwamba hukumu inasomwa Kampala mchana, na RDC, mwakilishi wa rais wilayani, anapita redioni Busia usiku.

Na serikali nayo ina hoja moja ambayo siwezi kuipuuza hata kidogo, ile ya Rwanda. 1994 RTLM ilikua redio ya binafsi, ya watu wenye hela na siasa zao, na ilitaja watu kwa majina wakauawa, mahakama ya Arusha 2003 ikawatia hatiani wakubwa wake. Sisi tuko jirani, miili ilifika ziwani kwetu, wavuvi wa Rakai na Kalangala hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo mtu akisema redio inaweza kuua, hasemi uongo. Ila angalia hio hoja inatumika wapi. Yule mgeni wangu alikua anaongelea kisima.

Haya, je wanatuchagulia viongozi? Mimi jibu langu ni hapana, na ushahidi wangu ni Buganda 2021. Uchaguzi ule mgombea wa upinzani, Bobi Wine, alikua anafukuzwa kwenye redio za mikoani kila siku, anafika na msafara analipia saa yake anakuta geti limefungwa, vyombo vya serikali vinaimba wimbo mmoja, intaneti ikazimwa Januari 13 jioni, na bado kura zilipohesabiwa NUP, chama chake alichokitangaza Julai 2020 tu, kikatoka na wabunge 57, mawaziri wakaanguka, mpaka makamu wa rais Ssekandi akapoteza kiti chake. Kama redio ingekua inachagua, Ssekandi angelala usingizi. Watu wanasikiliza redio ya mheshimiwa kwa ajili ya mpira na matangazo ya vifo, kura wanapiga kwa ajili ya mambo yao.

Wanachokichagua hawa wenye vyombo ni kitu kingine, wanachagua tutabishania nini. Hapo ndo nguvu yao iko, na ni kubwa. Kwa miaka kumi na moja niliyokaa pale tulijadili nani atarithi nani, nani kamtukana nani, nani katoka chama gani, wiki nzima, simu zinamiminika, na sikumbuki hata siku moja tumefungua kitabu cha bajeti ya wilaya tukakisoma hewani, na kitabu kipo, ni cha umma, toka 2005 kuna sheria inayompa raia haki ya kuomba taarifa za serikali. Kukisoma hakuhitaji ushujaa wowote. Ila hakuna aliyelipa kisomwe. Kituo cha afya kikikosa dawa miezi miwili inakua habari siku waziri akitembelea, na kwenye habari yenyewe waziri ndo mkubwa, dawa ziko nyuma.

Msije mkadhani ni ushamba wa Afrika. Italia, Berlusconi alikua na TV tatu za nchi nzima na 1994 akawa waziri mkuu, yule hakuhitaji hata kumpigia meneja. Marekani 2023 TV ya Fox walikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, dola milioni 787.5 kwa uongo waliourusha kuhusu uchaguzi wa 2020, na kwenye ile kesi zilitoka meseji za watangazaji wenyewe, ndani hawayaamini, nje wanayarusha, wanaogopa watazamaji wahamie kwingine. Tofauti yao na sisi ni kwamba kule aliyedhulumiwa alikua na mawakili wa kutosha. Na hapa ng'ambo ya mpaka wetu, Kenya, familia ya Moi imekua na Standard, familia ya Kenyatta imekua na Mediamax, mtu anafungua gazeti la familia kusoma habari za familia. Januari 30 2018 serikali yao ikazima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kile kiapo cha Raila kujiita rais wa wananchi, sisi wa mpakani tulioweka antena kuelekea Kenya tukabaki tunaangalia chenga tupu, na wewe mama nadhani ulikuwepo.

Na hapo kuna jambo linaniuma kama mtu wa Kiswahili. Katiba yetu toka 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Sawa. Lakini habari za Kiswahili unazosikia pale kibandani zinatoka wapi? Nairobi, Dar, London, Bonn. Redio zetu zinatangaza Kiluganda, Kisamia, Ateso, Kiluo, na ni haki yao, lakini yule mtu wa mpakani, dereva wa lori, askari, mchuuzi, aliyekulia Kiswahili, anajua nani gavana wa Busia ya Kenya na hamjui mwenyekiti wa wilaya yake. Nimewapima bodaboda pale stendi mimi mwenyewe, wananitajia maseneta. Kampuni za Kenya wala hazina nia mbaya na sisi, zinauza kwa Wakenya, sisi tunaokota sauti iliyomwagika.

Kuhusu simu sasa, maana najua utaniambia mwanao hasikilizi redio, yuko TikTok. Huko nako kuna wenye mali, tofauti wako mbali tu. Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ikasema zinahusiana na wizara yetu ya habari na zinadanganya watu kabla ya uchaguzi, siku ya pili serikali ikaifunga Facebook, na miaka imekatika bado mtu anaingia kwa VPN. Mkubwa wa California kagombana na mkubwa wa Kampala, na wewe uliyekua unauzia nguo zako kule ndo umebaki nje, na hakuna aliyekuuliza. Kabla ya hapo kuanzia Julai 2018 tulikua tunalipa shilingi 200 kila siku kuingia mitandaoni, ikaondolewa 2021 ikawekwa asilimia 12 kwenye bando, yaani wameihamisha mfuko. Na Januari 2026, uchaguzi tena, intaneti ikazimwa tena tarehe 13. Wewe pale Busia una bahati moja ambayo mtu wa Gulu hana, ukisogea kidogo na laini ya Kenya unashika mtandao, nimeona watu wamejipanga kwenye ukuta kama wanaota jua, kila mtu anaangalia matokeo ya nchi yake kwa bando la nchi ingine.

Usikilize nani. Mimi sitakutajia stesheni moja nikwambie hii ni safi, nitakudanganya. Nitakwambia ninavyofanya mimi. Saa moja jioni nasikiliza habari za stesheni mbili zenye wenyewe tofauti, ya serikali na ya kampuni, au ya mheshimiwa na ya kanisa, na sisikilizi wanachosema, nasikiliza ipi imeruka nini. Kama gazeti moja limeweka mgomo wa walimu mbele na lingine halina kabisa, hapo umepata habari mbili, ya mgomo na ya gazeti. Pili, mgeni akiwa studio jiulize nani kalipia hio saa, maana vipindi vingi ni vya kulipia na prezenta hasemi, utamjua kwa sababu haulizi swali, anasema tu "endelea mheshimiwa". Na RDC ana saa yake ya bure kila wiki ya kueleza mipango ya serikali, hio isikilize kabisa, nakwambia, ndo saa pekee ambapo anayeongea anaweza kuulizwa mambo ya wilaya na hawezi kusema hayamhusu. Na ikiwa ni UBC au chombo chochote cha serikali kinamnyima mgombea urais nafasi, hio ni kosa la katiba, kifungu cha 67 kinasema wapewe muda sawa, pale unaweza kupiga kelele kwa haki kabisa. Kwa redio ya binafsi katiba haisemi hivo, ndo maana jenereta inakufa bila wasiwasi.

Yule mgeni wangu wa kisima, kabla sijasahau, alishinda. Tulikutana miaka baadae kwenye teksi paki Mbale, nikaona aibu, yeye akacheka akaniuliza ile jenereta ilipona? Nikamwambia ukweli wote. Akanishika mkono akasema tusiwaze hayo, alafu akaniambia anatafuta prodyuza, anafungua redio yake.

Na lile swali lako la mwisho kabisa, kama unaweza kupiga simu kwenye kipindi au ni kujitafutia balaa. Piga mama. Ila piga dakika tano za kwanza, kabla laini hazijashikwa na wale wapiga simu wa kupangwa, hao wanaanzaga na "nampongeza mheshimiwa kwa kazi nzuri" na wanalipwa vocha. Usimtaje mtu, taja kitu, sema soko letu choo kimefungwa toka pasaka na ushuru tunalipa kila siku, tunaomba kujua kwanini. Na hilo liseme kwanza kabla ya salamu, kwa sababu prodyuza anahitaji sekunde kama nane hivi kugundua unaelekea wapi, nazijua hizo sekunde nane.